Mwaka Ambao Kompyuta Yangu Ililala na Majembe

Mwezi uliopita, kwenye sendofu ya binti wa rafiki yangu mjini Bukoba, msichana mmoja mwenye miwani alisogeza kiti karibu yangu akanieleza kuwa naye anaandika, tena anaandikia nyumbani, hana ofisi wala bosi, kazi zinamjia kwenye simu, na siku hizi simu ikiita tumbo linamkata. Akaniuliza mimi nimewezaje miaka yote hii bila kuchoka moyo. Nilikuwa na sahani ya pilau mapajani, muziki unatupigia kelele masikioni, nikamjibu upuuzi. Nikamwambia atembee asubuhi, anywe maji mengi, asilale na simu kitandani. Akatoa simu yake akaandika yote. Nilipoona anayaandika nikaona aibu, maana maneno hayo hayo niliwahi kumuuzia mtu wa Dar es Salaam, na wakati nayauza nilikuwa mgonjwa kuliko huyu binti. Nilitaka kumvuta mkono tutoke nje nimwambie ukweli, lakini MC akawaita mbele marafiki wa bibi harusi, naye akaenda zake. Ukweli wenyewe ni mrefu na umejaa woga, na mimi si mtu wa kukiri woga mbele za watu. Wanaonifahamu wanajua nina ulimi mkali na hasira za karibu. Basi nitaukiri hapa, nikiwa peke yangu na karatasi.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Gazeti la Mwanza nililokuwa nalifanyia kazi lilikuwa limefungwa, nikarudi kwa mama Ijumbi, wilaya ya Muleba, nikiwa na kompyuta moja, modemu moja na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nilisema sitaajiriwa tena na mtu. Nitaandika mwenyewe, nyumbani, kwa yeyote anayetaka kuandikiwa. Mama alinipa chumba cha pembeni alichokuwa akiwekea maharage na kahawa kavu. Kilinuka gunia. Dirisha lake lilitazama kibanja, shamba letu la migomba na kahawa linaloanzia ukutani mwa nyumba, na mgomba wa karibu ulisugua majani yake kwenye nondo kila upepo ulipovuma. Modemu niliifunga kwa uzi kwenye nondo hizo hizo, kwa kuwa ndipo mtandao ulipopatikana, na meza niliyochongewa na fundi wa Nshamba ilikuwa na mguu mmoja mfupi, nikautegemeza kwa gunzi. Miezi miwili ya kwanza nilijiona malkia. Naamka, napiga hatua nane kutoka kitandani, nipo kazini. Sikufikiri hata mara moja kwamba mtu anayeishi hatua nane kutoka kazini hana pa kurudi jioni. Chai niliinywea mezani, na baadaye hata uji wa usiku niliunywea hapo hapo.

Kazi zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ilitoka kwa bwana mmoja wa Dar es Salaam mwenye tovuti ya afya. Uso wake sikuwahi kuuona. Nilimjua kwa sauti na kwa neno lake moja, "leo". Kila alichotaka alikitaka leo. Nilimwandikia makala fupi fupi za kuwatuliza watu: namna ya kupata usingizi, namna ya kuishi na mkwe, dalili za mtu aliyechoka moyo. Kazi ya pili ilikuwa wasifu wa marehemu. Watu wetu hufia kokote, Dar, Mwanza, hata ng'ambo, lakini huletwa nyumbani kuzikwa kibanjani, na familia hutaka maisha ya marehemu yasomwe vizuri kaburini na yachapwe kwenye kijitabu chenye picha. Nilimwandikia mwalimu mmoja mstaafu wa Nshamba, watu wakalia mpaka mchungaji akasimama kidogo, na tangu siku hiyo sikupumua. Wahenga walisema kufa kufaana, na mwaka ule mimi ndiye niliyefaidika. Simu zote zilianza namna moja: pole na kazi dada, tumepata msiba. Mtoto wa marehemu ananisimulia huku analia sikioni mwangu, mimi naandika: alizaliwa, alisoma, aliolewa, ameacha watoto sita. Nikikata simu, nafungua ukurasa mwingine namwandikia yule bwana jinsi ya kuanza siku kwa furaha. Kuna wiki moja nilizika watu wanne bila kutoka chumbani.

Woga ulikuja asubuhi ya saa nne, jua linawaka, mama yuko uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Simu ilitikisika mezani. Moyo wangu ukaruka kama kuku aliyekanyagwa, mikono ikawa baridi mpaka kwenye viwiko, kijasho chembamba kikanitoka, na nikajua kwa hakika kabisa kwamba nakufa. Nikashika meza kwa mikono miwili, gunzi likateleza, meza ikainama, nami nikainama nayo. Nilipopata nguvu ya kuitazama simu, kumbe ni ujumbe wa mtandao wa simu unanitangazia vifurushi. Nilicheka, jamani, lakini nilicheka huku meno yanagongana. Tangu siku hiyo woga haukuhitaji simu. Ulikuja mtu akipiga hodi, ulikuja jani la mgomba likigusa nondo, na siku ambazo hakuna kilichogusa kitu ulikuja kwa sababu ya ukimya wenyewe. Nilianza kukaa mgongo ukiwa ukutani ili chochote kinachokuja nikione.

Hayo ningeyavumilia. Lililonivunja lilitokea mezani, wakati wa chakula cha mchana. Mama alikuwa amepika ndizi na maharage, juu kaweka dagaa, nasi tumekaa jikoni, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Alikuwa anasimulia jinsi kwaya yao ya kanisani ilivyogombana kuhusu sare mpya, anasimulia huku anacheka kwa mdomo uliojaa. Nilikuwa namtazama, na ndani ya kichwa changu, bila mimi kuliita, likaja neno la wasifu: Marehemu alikuwa mcheshi, alipenda kumtumikia Mungu kwa uimbaji, na hadi mauti yanamfika alikuwa mwanakwaya mwaminifu. Likaja zima, limenyooka, tayari kuchapwa. Mama yangu yuko mbele yangu anatafuna dagaa, nami nimeshamzika. Nikainuka nikasema nimeshiba. Kesho yake likaja tena, yuko anafunga kilemba. Keshokutwa tena, amepiga chafya tu. Nikaanza kula chumbani peke yangu ili nisimwone. Yeye akadhani nimerudi na maringo ya mjini, nakionea kinyaa chakula chake, akaanza kunikaangia mayai. Kila nilipoona yale mayai nilitaka kujificha chini ya meza kwa aibu.

Sasa naweza kusema wazi nilichokuwa naogopa, ingawa wakati ule nisingemwambia mtu hata kwa viboko. Niliogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba kwa kumwandika mama angali hai ninamwitia kifo. Najua ni ujinga, mimi ni mtu niliyesoma, lakini woga haujui shule. La pili ndilo lililonikausha. Nilijichunguza, nikaona kwamba katika misiba yote ile niliyoandika sikuwa nimetoa chozi hata moja kwa miezi mingi, wala sikuwa nimefurahi, wala kukasirika, mimi ambaye zamani nilikuwa nakasirikia hata mvua. Nilikuwa nimekauka. Niliogopa kwamba siku mama atakapokufa kweli nitasimama pale kaburini nikiwa na sentensi safi na macho makavu, basi.

Nilikwenda Bukoba hospitali. Nilimdanganya mama kwamba nafuata wino. Daktari alikuwa kijana mpole, akanipima moyo kwa mashine, akaniambia dada, moyo wako ni mzima kuliko wangu. Akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia naandika, niko nyumbani tu. Akauliza napumzika lini. Nikamwambia si nimekwambia niko nyumbani tu? Akaandika kwenye cheti: apumzike. Nilitoka pale nimekasirika, au tuseme nilijaribu kukasirika, kwa sababu neno hilo nilikuwa nimeliandika mwenyewe zaidi ya mara ishirini kwa ajili ya yule bwana na nilijua halina dawa ndani yake. Nyumbani nilikuta kinamama wawili wamesimama na mama upande wa pili wa dirisha langu, hawajui nimerudi. Mmoja anasema kwa Kihaya, taratibu, kwamba wasomi wengi huanza hivi hivi, kukaa ndani, kukwepa watu, mwisho wanavua nguo barabarani. Mwingine akasema labda amerogwa huko Mwanza. Nilisubiri anitetee, lakini nilisikia tu anavunja vijiti vya kuni kimoja kimoja.

Lazima niseme pia kwamba nilikuwa na ugomvi na kijiji kizima kuhusu hiyo kazi. Kwao mtu aliyekaa hana kazi. Kila aliyepita aliniita: njoo nishikie mtoto, njoo nisomee barua hii, si umekaa tu? Nilipigana nao miezi mingi. Nikamfundisha mama kwamba mtu akinitaka mchana ajibu, yupo kazini. Mama alilipenda neno hilo. Alilisema kwa Kiswahili hata kwa watu aliokuwa anaongea nao Kihaya, kwa sauti kubwa, kama anamsemea mkuu wa wilaya: Yupo kazini! Aliyekuwa anakasirika zaidi kwa jibu hilo ni Ma Leokadia, jirani yetu wa upande wa juu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, Mkatoliki kati yetu sisi Walutheri, na mwenyekiti wa kinamama wa chama chetu cha kuzikana. Alikuwa akipita chini ya dirisha langu anaguna. Na aliyekuwa hakasiriki kamwe ni Anjela, jirani wa upande wa chini. Nilisoma naye darasa moja tangu la kwanza mpaka la saba, na sasa alikuwa fundi cherehani Nshamba. Kila Alhamisi akitoka sokoni aligonga nondo za dirisha langu kwa mkasi wake, nami nampungia mkono kumwonyesha kwamba nina kazi, naye anacheka anakwenda. Alhamisi ya mwisho nilimpungia hata bila kuinua macho.

Anjela aliugua homa siku tatu akafa Jumatatu asubuhi. Nilisikia mama akipiga yowe uani, nikasikia jina, na hapo hapo, kabla sijasimama, kabla sijavuta pumzi, kikaja kichwani: Marehemu Anjela alizaliwa Ijumbi akiwa mtoto wa tatu. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikaa pale nikisubiri nihisi kitu, kama mtu anayesubiri ganzi ya jino iishe, na hakukuja kitu. Adhuhuri kaka yake akaja, macho mekundu, akaniomba wasifu. Niliumaliza kwa muda wa kuchemsha chai. Akausoma amesimama mlangoni, akasema ni mzuri sana, dada, hakuna ulichosahau. Akaondoka, nami nikarudi mezani kwa sababu bwana wa Dar es Salaam alikuwa amesema leo.

Kwetu mtu akifa, jembe linalala. Hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe na siku za msiba zipite. Ukionekana shambani wakati maiti iko ndani, chama kinakuja kwako, na adhabu yake si ya mchezo. Anjela alikuwa anamsubiri mdogo wake atoke Dar, kwa hiyo maziko yalipangwa Jumatano. Jumanne asubuhi kijiji kizima kilikuwa kimya, watu wote wako kwenye nyasi zilizotandazwa uani kwa kina Anjela, mama naye huko huko. Mimi nilikuwa chumbani naandika. Hata kichwa cha makala nakikumbuka: Pumzika Kabla Hujachoka. Ma Leokadia alikuwa amekuja kibanjani kwetu kukata majani ya mgomba ya kufunikia vyungu, akasikia vidole vyangu. Hakuniita. Alirudi msibani, akamchukua mama yangu na mwanamke mwingine mmoja wa kamati, wakaja wote watatu, wakaingia bila hodi.

Mama alikimbilia kuleta kikapu cha kahawa za kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni. Ma Leokadia hakutia mkono. Hapo nikainuka mezani, maana kwetu mtu akikataa kahawa yako ujue amekuja na kesi. Akasema chama kimenikuta nalima wakati kuna maiti kijijini. Nilimwambia sijashika jembe tangu nirudi, angalia mikono yangu. Mama naye akanitetea, akamwita waitu, neno letu la heshima, akasema msamehe, huyu halimi, huyu anabonyeza tu, hata jasho hatoki. Ma Leokadia akamgeukia mama, wala hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mwaka mzima nikimwita binti yako unaniambia yupo kazini. Nilipoumwa mguu nikamwita anisomee dawa, yupo kazini. Marehemu aligonga dirisha hili, yupo kazini. Leo ndiyo imekuwa si kazi?"

Mama aliweka kikapu chini. Na mimi, niliyekuwa nimepigania neno hilo kama haki ya mtu mahakamani, nilijisikia nikisema kwa sauti ndogo ambayo sikuitambua kuwa ni yangu, "Ma Leokadia, kweli, hii si kazi. Naandika tu."

Nilisema hivyo ili wanirudishie meza yangu. Nilikuwa tayari kuikana kazi yangu kama Petro, ilimradi nisiache kuifanya. Alinitazama muda mrefu. Nafikiri aliona kitu usoni kwangu ambacho mama alikuwa anaogopa kukiona, kwa sababu sauti yake ilishuka, akaniambia, "Mwanangu, jembe gani hili lisilojua kulala? Hata la mtumwa lililala." Kisha akaikunja kompyuta, hakujua namna ya kuizima akaikunja hivyo hivyo, akaivua modemu na uzi wake, akavifunga vyote kwenye kanga, akaenda kuviweka kwenye kibanda chake, pale alipoweka majembe ya chama. Simu pia aliichukua. Hukumu ilikuwa mkungu mmoja wa ndizi, na kumenya pamoja na kinamama mpaka msiba uishe.

Ningependa kusema nilipata nafuu. Uongo. Siku ya kwanza pale kwenye nyasi nilikuwa natetemeka mpaka mwanamke wa pembeni yangu akadhani nina malaria. Nikajikata na kisu mara mbili, utomvu wa ndizi ukanigandia vidoleni mweusi. Kila dakika nilihisi simu inatikisika mapajani na simu haipo. Nilikuwa na hakika kwamba bwana wa Dar ananitafuta, kwamba kuna watu wanakufa bila wasifu, kwamba nikikosa siku moja dunia itanisahau na nitakufa njaa katika chumba cha maharage. Jioni Ma Leokadia akaja ameiweka simu sikioni, anaongea kwa ukali. Nilisimama nikitaka kumnyang'anya. Nilimsikia anasema: hapa kuna msiba, bwana, hakuna anayelima. Akasikiliza. Akasema asante. Akaizima akairudisha kwenye fundo la kanga yake. Nilimuuliza kasemaje, nikiwa karibu kupiga magoti. Amesema poleni, akajibu, na akaendelea kumenya. Nisije nikapamba: bwana yule hakunipa tena kazi kwa miezi miwili. Lakini nilikuwa nimesubiri mbingu zianguke, na kilichoanguka ni "poleni".

Jumatano tulimzika. Wasifu ulisomwa, watu wakaguna kwa kuridhika, nami nilisimama macho makavu kama nilivyoogopa. Sentensi zilipita moja moja, safi, na Anjela hakuwemo hata katika moja. Nilimtazama mama upande wa pili wa kaburi, na nilipomtazama tu kikaja tena, marehemu alikuwa, nikafumba macho. Nilidhani basi, imeshakuwa hivi, huyu ndiye mimi mpaka mwisho.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya maziko, tunamenya ndizi za wageni waliobaki. Kinamama walikuwa wanamsimulia Anjela kama watu wanavyomsimulia marehemu wakishachoka kulia, yaani kwa kumsengenya. Mmoja alisema alimshonea gauni likambana kwapa, akamwambia kosa ni la kwapa. Mwingine akasema alikuwa mwizi wa mapera tangu mtoto. Ma Leokadia akasema alikuwa hajui kuimba hata kidogo, na alikuwa anaimba njia nzima kutoka Nshamba, ukimsikia unajua saa kumi imefika. Hapo nikasema, bila kujua kwamba nitasema, kwamba alikuwa anagonga dirisha langu kwa mkasi. Nikasema alikuwa akigonga mara tatu. Na kitu kikapasuka kifuani, nikalia. Nililia vibaya, kwa makamasi, kwa sauti ya ng'ombe, na kulia kwenyewe kukanitisha kwa kuwa kulikataa kuisha. Nilifikiri sasa ndiyo wazimu wenyewe. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Mama aliniondolea kisu mkononi, akasogeza maganda ili nipate pa kulala, na kinamama wakaendelea na mapera yao. Nililala pale kwenye nyasi mchana kweupe, mbele za watu.

Jumamosi chama kilitoa majembe, na kompyuta ikatoka pamoja nayo. Nilipoipokea moyo ulianza tena mbio zake, nikamwambia Ma Leokadia ukweli, yeye wa kwanza, kwamba naiogopa. Hakunicheka. Aliniuliza mkulima anarudi saa ngapi. Nikasema jua likiwa kali. Akaniuliza jembe analala nalo kitandani? Basi tukakubaliana, na mwaka wote uliobaki ilikuwa hivyo: saa nane mchana naikunja kompyuta, naifunga kanga, napanda nayo mpaka kwake, naiweka kwenye kibanda pamoja na majembe, naichukua kesho yake umande ukikauka. Kijijini kukiwa na maiti haitoki kabisa, na wateja wangu walijifunza hivyo. Wale waliokataa walikwenda. Simu za wasifu niliendelea kuzipokea, lakini nilikataa kuandika bila kwenda kukaa na wafiwa, wamsengenye marehemu wao kwanza nami nikisikia. Niliandika wachache. Woga haukuondoka kwa mkupuo. Ulirudi mara nyingi, mwezi wa tisa ulirudi kwa wiki nzima, na hata sasa nikisikia mtu anasema "leo" kwa sauti fulani mgongo wangu hutafuta ukuta.

Nilirudi kula jikoni. Kile kitu kiliendelea kunijia, mama akicheka, mama akipiga chafya, ila kwa nadra zaidi, na nilipomweleza mwishowe, nikidhani atashtuka, alifikiri kidogo akaniuliza nimeandikaje kuhusu sauti yake ya kwaya. Nikamwambia nimeandika ilikuwa nzuri. Akasema hapo sawa, akaniongezea maharage. Bado niliogopa. Kwa miaka tisa niliogopa, na kila alipokohoa nilijipima kama mtu anayejipima homa.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, saa za asubuhi, akiwa anajiandaa kwenda kanisani. Binamu zangu waliniletea karatasi na kalamu kabla hata mwili haujaoshwa, wakasema wewe ndiye mwandishi wa ukoo, nani mwingine? Niliitazama ile karatasi nikaingoja sentensi ije. Nilikuwa nimeiogopa kwa muda mrefu mno kiasi kwamba nilijua itakavyoanza. Haikuja. Kilichokuja ni lile jina letu la Kihaya la kumwita mama tu, nikaliita, Mae, Mae, nikaendelea kuliita mpaka wakanishika. Wasifu uliandikwa na binamu yangu mmoja, karani wa ghala la kahawa, mtu ambaye hajawahi kuandika chochote zaidi ya mizani. Watu huniambia mpaka leo kwamba ulikuwa na makosa mengi, kwamba aliandika mama alizaliwa Kashozi, kumbe alizaliwa Nshamba, kwamba alimsifu kwa upole na mama hakuwa mpole hata siku moja. Wanashangaa nilivyokaa pale nisimsahihishe. Mimi sikuusikia.